Lisemwalo na Lililokuwapo

Wahenga walisema: lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Methali hii imewaonya watu wengi wasipuuze mnong'ono wa mtaani, kwani aghalabu mnong'ono huwa ndio moshi unaotangulia moto. Lakini methali ni kama kisu cha jikoni. Makali yake hayachagui. Aliyetenda huambiwa lisemwalo lipo, na aliyezuliwa huambiwa hivyo hivyo. Mtu mmoja aliyezuliwa anaweza kusimama barazani akajitetea. Mahali hapana ulimi. Kijiji kikishapakwa masizi, masizi hayo hurithiwa na watoto ambao hawajazaliwa.

Hapo ndipo linapozuka swali la maadili ambalo si la leo wala si la nchi moja. Mahali panapojulikana kwa yale yanayosemwa tu, ilhali yale yaliyokuwapo yamesahauliwa, je, pamedhulumiwa? Na kama pamedhulumiwa, mdaiwa ni nani, na deni hilo hulipwa kwa sarafu gani? Wengi watajibu kwa haraka kwamba kusahau si kosa, kwa kuwa hakuna anayesahau kwa kupenda. Jibu hilo linastahili kupimwa, na mizani yake iko mbali na bahari, katika nchi ya Wasukuma, upande wa Malampaka na Bariadi.

Malampaka ni mji mdogo wa wilaya ya Maswa, upande wa magharibi, katika mkoa wa Simiyu uliokatwa kutoka Shinyanga mwaka 2012 na ambao makao yake makuu ni Bariadi. Sikio la pwani likilisikia jina hilo husikia ndani yake mpaka, au hata paka, na papo hapo huwa tayari kulitungia kisa. Lakini jina ni la ulimi uliolitoa, na sikio la mgeni si ushahidi. Kinachoijulisha Malampaka kwa wapitao ni stesheni. Reli iliyotoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928, na Malampaka, pamoja na jirani zake Seke na Malya, ni miongoni mwa vituo vya njia hiyo. Huko ndiko pamba ya upande wa Maswa ilikokuwa ikifikishwa kungojea behewa. Treni husimama, huchukua, huondoka. Msafiri hutazama dirishani akaona uwanda mpana, miamba, ng'ombe na vumbi, kisha husinzia. Hakuna anayemsimulia lolote kuhusu Malampaka.

Lakini mtaje Gamboshi, na treni nzima itaamka. Gamboshi ni kijiji cha wilaya ya Bariadi, katika mkoa huo huo. Kimetapakaa jina Tanzania nzima kuwa ndio makao makuu ya uchawi. Husimuliwa kwamba usiku huonekana huko mji mkubwa wenye taa na magari, na kunapokucha hakuna mji. Husimuliwa kwamba walioliliwa na kuzikwa kwao wameonekana huko wakilima mashamba ya watu. Husimuliwa kwamba mgeni hulala ndani ya nyumba akaamkia uwanjani. Wasimuliaji ni wengi kuliko waliowahi kufika, na waliofika huona kijiji cha wakulima na wafugaji, chenye njaa ya mvua kama vijiji vyote vya uwanda ule. Hata hivyo mzaliwa wa hapo akienda kusoma au kutafuta kazi mbali na kwao, hujifunza upesi kutaja wilaya na kukinyamazia kijiji.

Msomaji wa visiwani hahitaji kuelezwa zaidi. Kwa muda mrefu Pemba imevishwa joho hilo hilo. Bara, ukimtajia mtu Pemba, aghalabu hutabasamu kwa namna anayoijua kila Mpemba aliyesafiri. Mwandishi wa Kiingereza Evelyn Waugh alipita visiwani, na katika kitabu chake Remote People cha mwaka 1931 akaisambaza ulimwenguni habari ya kwamba Pemba ni chuo kikuu cha uganga na uchawi. Wasomaji wake wa London waliipata Pemba hiyo, na hawakuwa na nyingine. Hawakuambiwa kwamba kisiwa hicho ndicho kilichowalea Kamange na Sarahani, washairi wa karne ya 19 waliojibizana kwa tungo ambazo watu walizihifadhi vifuani, hata zikakusanywa na kutolewa kitabu, Kale ya Washairi wa Pemba, mwaka 2011. Baina ya watunzi hao na kitabu hicho kuna karne nzima ambamo jina la Pemba lilipata kutajwa maelfu ya mara kwa uchawi, na mara chache mno kwa ushairi. Pujini nako, penye magofu ya ngome ya Mkame Ndume, mtu husimuliwa kwanza ukatili wa mtawala na mawe yaliyobebwa kwa mateso. Uashi wenyewe, biashara iliyouwezesha na watu walioujenga huja mwisho, kama huja.

Basi Mpemba na mtu wa Gamboshi ni ndugu wa msiba mmoja, ingawa mmoja anaijua bahari na mwingine anaijua mbuga. Wote wawili wamepewa ajabu badala ya historia. Na ajabu, tofauti na historia, haina tarehe. Ndiyo maana haichakai.

Sasa na itazamwe iliyokuwapo.

Tarehe 17 Novemba 1874 msafara wa watu 356 uliondoka Bagamoyo kwa miguu, ukiongozwa na Henry Morton Stanley. Wengi wa wabebaji na askari wake walikuwa waungwana walioandikishwa Unguja, na mkubwa wao alikuwa Manwa Sera. Mabegani walichukua, pamoja na mizigo mingine, mashua iliyokatwa vipande, Lady Alice, ili iungwe ziwani. Walipita Ugogo na nchi ya Wanyaturu, wakapigana, wakaugua, wakafa, na wengine wakatoroka. Mwezi wa Februari 1875 walishukia Usukuma na nchi ya mto Simiyu. Walipofika Kageyi, kando ya ziwa, tarehe 27 Februari, walikuwa wamebaki 166 pamoja na Wazungu 3. Dunia ilikumbuka kwamba Stanley aliutangaza mto Simiyu kuwa ndio chimbuko la kusini kabisa la Nile. Watu wa visiwani waliolala katika njia ile hawakukumbukwa hata na visiwa vyao. Kwa hiyo mkaazi wa Unguja anayeihesabu nchi ya Simiyu kuwa ya ajabu na ya mbali, huenda anasema hivyo juu ya ardhi iliyomfunika mtu wa ukoo wake.

Miaka michache baadaye, mwanzoni mwa muongo wa 1890, sotoka ilishuka kutoka kaskazini ikafagia ng'ombe wa Afrika ya Mashariki. Kwa Msukuma ng'ombe ni akiba, ni mahari, ni heshima. Ng'ombe walipokwisha, malisho yalikosa wa kuyala na watu wakahama. Vichaka vikaota palipokuwa na nyasi fupi, na mbung'o wakavifuata vichaka. Mwaka 1922 ugonjwa wa malale uligunduliwa upande wa Maswa, jina ambalo zama hizo lilikusanya nchi zote hadi Bariadi na Meatu. Watu walisinzia mchana, wakapoteza akili, wakafa. Jamaa zao waliona kifo kisicho na jeraha. Serikali ya Kiingereza iliona mbung'o, ikawahamisha watu kutoka ukingo wa pori, na kwa msaada wa watemi ikawatoa watu kwa maelfu kufyeka miti ili mbung'o akose kivuli. Kazi hiyo iliendelea kwa miaka mingi upande wote wa Shinyanga na Maswa. Mbung'o alirudi nyuma. Miti nayo ilikwenda.

Mwaka 1928 treni ilifika Mwanza. Mwaka huo huo wa 1928 serikali ya Tanganyika ilitunga sheria ya uchawi. Reli na sheria hiyo ni watoto wa mwaka mmoja, na wote wawili wamedumu. Reli ilileta bei ya pamba. Pamba ikataka ardhi zaidi, na ardhi ikataka miti zaidi ing'olewe. Mwaka 1947 ulianzishwa mpango mkubwa wa maendeleo ya Usukuma, na makao yake, pamoja na yale ya shirikisho la watemi, yakawa Malya, stesheni ya jirani na Malampaka. Palichimbwa malambo, palipangwa idadi ya mifugo, watu walihimizwa kuhamia mashamba mapya. Mwaka 1955 vyama vya wakulima wa pamba, ambavyo Paul Bomani alikuwa mmoja wa waasisi wake, viliungana katika Victoria Federation of Co-operative Unions, mmoja wa miungano mikubwa ya ushirika barani Afrika. Mkulima aliyekuwa akipunjwa kwenye mizani akaipata mizani yake mwenyewe.

Kisha yalikuja mabadiliko ya haraka. Utemi ulifutwa mwaka 1963. Mwezi wa Novemba 1973 ilitangazwa kwamba kabla ya kwisha mwaka 1976 watu wote wa vijijini wawe wanaishi katika vijiji vilivyopangwa, na mwaka 1974 operesheni ikafika Shinyanga. Msukuma hakuzoea kuishi mlango kwa mlango. Kaya yake ilisimama peke yake ndani ya ua wa minyaa, na ukoo wake ukiwa umeizunguka kwa umbali wa kuitana. Sasa kaya zilivunjwa, watu wakawekwa kwa mistari, jirani akawa mtu ambaye babu yake hakujulikana. Kule nyuma yakabaki mahame: mraba wa minyaa uliokua mrefu, na ndani yake hamna nyumba. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa kwa amri, na mizani ya mkulima ikaondoka mikononi mwake.

Yote hayo ni mambo ya kawaida, kwa maana ya kwamba kila moja lina chanzo, lina mtendaji na lina mwaka wake. Hakuna ajabu ndani yake. Na kwa sababu hakuna ajabu, hakuna aliyejishughulisha kuyasimulia. Mtoto aliyezaliwa baadaye alizikuta nchi bila miti, jirani bila udugu, ng'ombe pungufu na pamba isiyolipa, na hakuambiwa zilitoka wapi. Moyo wa binadamu haukubali tukio lisilo na sababu. Ukinyimwa sababu ya kweli, huitafuta nyingine, na sababu iliyo karibu zaidi siku zote ni mtu.

Mtu huyo, katika nchi ya Usukuma, aghalabu alikuwa mwanamke mzee.

Hesabu iliyokusanywa Tanzania Bara baina ya mwaka 1970 na 1984, na kuchambuliwa na mtaalamu wa elimu ya jamii Simeon Mesaki, ilionyesha watu 3,693 waliouawa kwa kudhaniwa wachawi. Kati yao wanawake walikuwa 2,286. Sehemu kubwa ya mauaji hayo yalitokea Usukumani. Mesaki aliona uhusiano baina ya mauaji hayo na mtikisiko wa kuhamishiwa vijijini, ambapo koo zilitawanywa na wasiojuana wakalazimishwa kuwa majirani. Na alama iliyotumiwa kumtambua mchawi ilijulikana na kila mtu. Alikuwa na macho mekundu.

Macho hayo yalikuwa mekundu kwa moshi. Mwanamke aliyepika kwa miaka 50 ndani ya kibanda kisicho na dirisha hupata macho mekundu. Na moshi wa kuni kavu si sawa na moshi wa samadi na mabua. Nchi iliyofyekwa miti hupikia samadi na mabua. Nani aliyeifyeka? Iliyafyeka mapori hayo amri ya serikali iliyomkimbiza mbung'o, aliyeletwa na vichaka, vilivyoletwa na kufa kwa ng'ombe, kulikoletwa na sotoka. Kisha ikaja pamba ikamaliza visiki. Ndani ya macho ya mwanamke yule mlikuwa na historia ya nchi kwa muda wa miaka 80, kwa anayeweza kuisoma. Waliokuja usiku na mapanga hawakuweza kuisoma. Hawakufundishwa. Walijua kisa kimoja tu, kile cha mji wenye taa unaotoweka alfajiri, na kisa hicho kilikuwa na nafasi moja iliyo wazi, ya mchawi.

Haitakuwa haki kusema kwamba kusahau historia ndiko kulikoua. Mapanga yalishikwa na mikono, na mikono ina wenyewe. Pia mlikuwa na tamaa ya mashamba na mifugo ya wajane, iliyojificha ndani ya shutuma. Lakini tamaa huhitaji kisingizio, na kisingizio huhitaji masikio yaliyo tayari. Mahali ambapo kila mzee na kila kijana anajua ni kwa nini miti iliisha, shutuma ya macho mekundu haipati wa kuiamini upesi. Kusahau hakukushika panga, ila kulifungua mlango. Na aliyefungua mlango, hata kama alikuwa usingizini, huulizwa.

Patatolewa hoja mbili za kuupinga msimamo huu, na zote mbili ni nzito.

Ya kwanza ni kwamba kusahau ni dawa. Nchi zilizoumizwa hazitaki kukumbushwa. Aliyehamishwa mwaka 1974 amejenga tena, amezika wazee wake katika kijiji kipya, amepata shule na kisima. Kumfukulia mahame ni kumfukulia kidonda. Samehe usahau, husema watu, na maneno hayo mawili huyatamka kwa pumzi moja kana kwamba ni kitendo kimoja. Lakini siyo kimoja. Mtu hawezi kusamehe asichokijua. Anayesamehe huwa amelishika kosa mkononi, akalitazama, akaamua kulitua. Aliyesahau hakutua kitu. Ameangusha, na kilichoanguka gizani huokotwa na yeyote. Zaidi ya hayo, msamaha ni mali ya aliyekosewa. Yeye ana haki ya kunyamaza juu ya uchungu wake. Mtu wa mbali, ambaye hakuhamishwa wala hakufyekeshwa, hawezi kusahau kwa niaba yake kisha akaita kusahau huko amani.

Hoja ya pili inatoka kwa wapenda fasihi, na kwa hiyo inagusa karibu zaidi. Husema kwamba siri na maajabu ndiyo chumvi ya dunia. Ukiiondolea nchi visa vyake ukaiachia tarehe na takwimu, umeiacha bila ladha. Nani angeitaja Usukuma bila ya Ng'wanamalundi, ambaye husimuliwa kwamba alinyoosha kidole miti ikakauka? Na je, visiwa vyenyewe vingekuwa na nini pasipo majini, mizuka na mashetani ya mapango yake?

Hoja hii ina ukweli mwingi. Haifai kuipinga kwa kuwanyang'anya watu hadithi zao. Lakini inafaa kukumbusha namna ambavyo wazee wa pwani walivyokuwa wakizitoa. Bibi hakuanza kusimulia kabla hajasema paukwa, na wajukuu wakaitikia pakawa. Maneno hayo mawili ni mapatano. Msimuliaji anasema: sasa naingia nchi isiyo na mashahidi, na wasikilizaji wanasema: tunaingia nawe, na tutatoka. Ndani ya mapatano hayo zimwi linaweza kumeza kijiji kizima, na asubuhi hakuna jirani anayetazamwa kwa jicho baya. Ngano huwa salama kwa sababu inajua kwamba ni ngano. Hatari huanza hadithi inapovuliwa paukwa yake, ikapewa jina la kijiji kilichomo kwenye ramani, ikaelekezwa kwa watu walio hai. Hapo haiwi fasihi tena. Huwa shutuma iliyovaa nguo za fasihi.

Hata Ng'wanamalundi mwenyewe ni mfano wa hasara hiyo. Alikuwa mtu wa kweli, aliyeishi zama za Wajerumani na za Waingereza, akafariki mwaka 1936. Alikuwa bingwa wa ngoma, katika nchi ambayo jamii mbili za wachezaji, Bagika na Bagalu, zimeshindana tangu karne ya 19, kila moja ikiwa na watunzi wake. Wajerumani walimkamata, kwani mtu anayekusanya maelfu uwanjani hutisha dola yoyote ile. Miti iliyokauka inakumbukwa na kila mtu. Ustadi wake wa ngoma, na hofu ambayo mtawala alikuwa nayo mbele ya ngoma, vinakumbukwa na wachache. Hapo si lazima kuchagua kimoja. Kisa cha miti na kikae, ila kisimzibe mchezaji.

Basi kipimo kinaweza kutajwa kwa maneno machache. Siri ya mahali si dhambi kama inamwacha kila aliye hai katika usalama wake. Ni dhuluma pale inapokaa juu ya kiti cha historia, ikamzuia mtu asiulize sababu, na ikamtafutia mwenye kosa miongoni mwa wanyonge. Kwa kipimo hicho mji wa taa wa Gamboshi ungeweza kuwa ngano nzuri kuliko nyingi. Haukuruhusiwa kuwa ngano.

Na deni hulipwa vipi? Wajibu hauwi sawa kwa wote. Aliye mbali kabisa ana wajibu mdogo lakini wa lazima, nao ni kutoongeza. Anaposikia Gamboshi ikitajwa kwa kicheko, au Pemba, ajizuie asitie lake. Aliye karibu kidogo, msafiri, mwalimu, mtumishi aliyehamishiwa huko, ana wajibu wa kuuliza: kisima hiki kilichimbwa mwaka gani, minyaa ile ilikuwa ua wa nani. Mwenyeji ana wajibu mkubwa zaidi, wa kuwaambia watoto, hata pale ambapo habari yenyewe haina utamu. Na mtunzi, awe wa Bagalu au wa baraza la Mkoani, ana wajibu kupita wote, kwa sababu yeye amepewa chombo kinachoweza kuitia mambo ya kawaida ladha bila ya kuyatia uongo. Kama tungo za Kamange na Sarahani ziliweza kuvuka karne moja vifuani mwa watu, tarehe za Malampaka haziwezi kuwa nzito kuliko vifua.

Kwamba kukumbuka kunaweza kutenda kazi, nchi ile ile imekwisha kuthibitisha. Wasukuma walikuwa na desturi ya ngitili, sehemu ya malisho inayofungwa msimu wa mvua ili nyasi na miti ipumzike, ifunguliwe wakati wa kiangazi. Katika miaka ya kufyeka na kuhamahama desturi hiyo ilikaribia kufa. Mwaka 1986 ulianzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliofahamika kwa ufupi wa HASHI, ambao eneo lake lilikuwa na Maswa, Bariadi na Meatu ndani yake. Badala ya kuleta miti ya kigeni tu, waliwauliza wazee. Wazee walikumbuka. Ngitili zikafungwa tena, za kaya na za vijiji, na visiki vilivyodhaniwa vimekufa vikachipua, kwani mizizi ilikuwa bado hai ardhini. Mwaka 2002 mradi huo ulipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Palipofungwa ngitili pakarudi nyasi za kuezekea, dawa za miti shamba na kuni. Na palipo na kuni hapapikiwi samadi.

Mwezi wa Juni 2021 liliwekwa jiwe la msingi la reli mpya baina ya Mwanza na Isaka, yenye urefu wa kilomita 341, itakayopita tena katika uwanda huo wa Malampaka. Kila reli huja na vipimo vyake na huhamisha kitu: shamba, kaburi, mti uliokuwa alama ya mpaka wa ndugu wawili. Hayo pia yatakuwa mambo ya kawaida, yenye chanzo, mtendaji na mwaka. Watoto watakaozaliwa miaka 50 ijayo watayakuta matokeo yake, na watataka kujua sababu. Wakiambiwa, watakuwa na historia. Wasipoambiwa, watatunga, na katika kutunga kwao watahitaji mtu wa kumnyooshea kidole.

Lisemwalo, basi, huenda lipo na huenda halipo. Lililokuwapo halina shaka hiyo, ila lina udhaifu mmoja: halijisemi. Linangojea wa kulisema. Na bibi kizee aliyeketi mbele ya jiko lake jioni, macho yamemwiva kwa moshi, usalama wake unategemea kama wapo walioambiwa moshi huo ulianzia wapi.